Mawe Manne Juu ya Jukwaa

Miaka mingi tuliishi ufuoni bila sherehe, na simkumbuki mtu aliyekufa kwa kuikosa. Tulikuwa na mazishi, tulikuwa na harusi, tulikuwa na siku za kushusha mashua mpya majini, na hizo zilitosha kumchosha yeyote mwenye kazi. Kisha, katika miaka ya themanini, shemeji yangu alistaafu ukarani mjini Kisumu, akarudi nyumbani na kabati la vioo, redio kubwa na kalenda yenye picha ya mlima wa theluji. Alilitazama ziwa ambalo babu zake walilivua tangu zamani, akagundua kwamba lilikosa ratiba.

Mimi sikusoma. Herufi nazijua kama ninavyowajua majirani wa hapa Migosi, mjini Kisumu, nyumbani kwa mwanangu ninaposemea haya: nawaona wakipita, hatusalimiani. Lakini nimeanika omena kwa miaka mingi kuliko umri wa nyumba hizi za kupanga, na jambo ninalolieleza lilihusu kipande cha ardhi ambacho ningekivuka kwa hatua ishirini. Mjukuu wangu anayeandika ameniuliza kama hatua ishirini ni nyingi. Ni nyingi, ikiwa huna nyingine.

Ufuo wetu uko upande wa Usenge, na aliyeuona mmoja wa fuo zile ameziona zote: mashua, nyavu, wanunuzi wenye magunia, na samaki wadogo wa fedha waliotandazwa chini kama mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka. Omena huvuliwa kwa taa. Wanaume hutoka jioni na karabai, nao samaki huufuata mwanga hadi wavuni. Mwezi ukiwa mkubwa angani, omena hawaijali taa ya mtu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mashua hupumzika, nyavu hushonwa, na wanaume hukumbuka kwamba wana wake. Siku za giza hapumziki mtu. Hata mtoto wa miaka mitano ufuoni alilijua hilo, na hakuhitaji kalenda.

Kila mwanamke mwanikaji alikuwa na mahali pake, pamewekewa mawe manne kwenye pembe. Pangu palikuwa pa mama mkwe wangu. Siku mgongo wake ulipokataa kuinama alinikabidhi fagio lake la vijiti, lile la kugeuzia samaki, mbele ya wanawake wenzake, akaniambia, "Usipaache pakapoa." Maana sheria ilikuwa moja tu: ukikaa vipindi viwili vya giza mfululizo bila kuanika, mwenzako ana haki ya kuyaondoa mawe yako na kuweka yake. Ilikuwa sheria fupi kwa sababu haikutungwa na kamati.

Shemeji aliunda kamati. Yeye alikuwa mwenyekiti. Mume wangu, ambaye kipaji chake kilikuwa kukubaliana na mikutano yote, alikuwa mjumbe. Baraza likaitwa, ratiba ikasomwa. Siku moja ya mwezi wa nane ufuo wetu ungekuwa na mbio za mashua, kuvuta kamba, kwaya tatu, shindano la kupika samaki likihukumiwa na wageni kutoka mjini, yaani watu ambao samaki wao hutoka kwenye barafu, na hotuba saba. Mbio moja, hotuba saba. Nilihesabu kwa vidole.

"Shemeji," nikamwambia, "siku uliyoichagua ni ya giza."

"Ni Jumamosi," akanijibu.

"Ni Jumamosi ya giza. Mashua zote zitakuwa zimekesha."

"Watu wa mjini husafiri wakishapokea mshahara. Nimeitazama kalenda, na kalenda haisemi lolote kuhusu giza."

"Basi mwulize aliyeichapisha kama anavua."

Wanawake wakacheka. Shemeji akaikunja ratiba polepole, kama mtu anayekunja suruali ya kanisani. "Mama," akasema, na aliponiita mama badala ya shemeji nilijua amekasirika, "wavuvi watalala usiku mmoja kwa ajili ya maendeleo."

"Na omena umewaarifu?" akauliza jirani yangu. Huyu alianika upande wa kushoto wa mawe yangu. Alizaliwa kwenye vilima vya Maseno, akaolewa ziwani, na katika miaka yote hiyo aliogopa maji lakini hakuogopa mtu.

Mwenyekiti aliugeukia ufuo. Alinyoosha fimbo yake kuelekea mahali pangu na kutangaza kwamba hema la wageni lingesimama pale, kwa kuwa palikuwa tambarare, hapakuwa na tope, na hapakuwa na kinyesi cha mbuzi. Palikuwa hivyo kwa sababu nilipafagia kila asubuhi. Huo ndio ubaya wa usafi: huwaonyesha wengine mahali pa kukaa.

"Na samaki wangu?"

"Ni siku moja tu, shemeji," akasema kwa upole. Uliponirudia ule ushemeji, nilijua nimeshindwa.

Siku ikafika. Hakuna mashua hata moja iliyolala; nani angelala kwake huku mwenzake akijaza? Alfajiri zilirudi zimezama hadi ukingoni, tukapokea omena, na kila mwanamke akaenda kuanika kwake isipokuwa mimi, ambaye kwangu palikuwa na hema la kanisa na viti vya kukunja. Nilitafakari. Hakuna aliyekuwa amenikataza kukaa mahali pangu. Nikayaingiza makarai yangu manne hemani, nikayapanga nyuma ya viti vya mbele, nikakaa chini katikati yake, ndani ya mawe yangu.

Mgeni wa heshima alitarajiwa saa tatu, na kwa heshima hiyo alifika saa saba. Mashua za mashindano zilikuwa zimepelekwa nyuma ya rasi tangu asubuhi kungoja filimbi. Wapiga makasia walikuwa wamekesha wakivuta nyavu. Mtu akikesha, kisha akawekwa kwenye kivuli cha mafunjo na kuambiwa angoje, hulala. Walilala wote, mashua sita, kama watoto wa nyumba moja. Filimbi ikapigwa. Haikutoka hata moja.

Ndipo ikatokea mashua ya saba, ambayo haikuwa kwenye ratiba. Ilikuwa imekwenda mbali kuliko zote, tanga lake likachanika njiani, na sasa ilirudi na mzigo uliokuwa umeanza kunuka. Watu wake walipiga makasia kama wanaofukuzwa, maana waliwaona wanunuzi wakifunga magunia. Mgeni wa heshima akasimama, akapiga makofi. Wageni wote wakasimama, wakapiga makofi. Wanunuzi walipoiona wakakimbia hadi majini na mabeseni yao wakiita bei, na mgeni akamwambia mwenyekiti kwamba hajapata kuona mashabiki wenye moyo kama ule.

Mwenyekiti aliijua ile mashua. Alimjua nahodha wake. Walitahiniwa pamoja katika ubatizo. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, wageni wamesimama, kwaya imeanza wimbo, nacho kinywa cha karani kimezoea kuandikisha kile ambacho mkubwa amekwisha kukiona. "Na huyo ndiye mshindi wetu," akatangaza. Nahodha akashushwa na kupewa beberu na saa ya ukutani. Alikuwa mtu mwenye akili, hakuuliza lolote hadi alipopita karibu nami.

"Mama, tumeshindana na nani?"

"Na jua," nikamjibu. "Kawahi kuwauza samaki wako."

Hotuba zikaanza. Jua la mchana likalipasha hema joto, na makarai yangu manne yakaanza nayo kuhutubia. Kwenye hotuba ya tatu mgeni wa heshima alitoa leso mfukoni. Kwenye ya nne akageuka.

"Harufu hii ni ya nini?"

"Ni upepo wa ziwa, mheshimiwa," akasema mwenyekiti.

"Ni wenyeji, mheshimiwa," nikasema mimi.

Mgeni akacheka sana. Nami, bila kujua, nilikuwa nimejikata mguu kwa shoka langu mwenyewe. Alipopewa zamu ya kusema alisema kwamba ameona kwa macho yake, na kwa pua yake, jinsi wageni na wenyeji wanavyobanana chini ya hema moja, na kwamba haifai. Ufuo wenye sherehe nzuri namna hii unastahili jukwaa la kudumu. Akaahidi pia maji ya mfereji, nyumba ya barafu na vyoo. Maji, barafu na vyoo viliondoka pamoja na vumbi la gari lake. Jukwaa likaja. Katika maisha yangu nimesikia ahadi nyingi, na hiyo ndiyo niliyoiona ikitimizwa haraka kuliko zote, labda kwa kuwa hakuna aliyeiomba.

Omena wangu, waliopikwa na kivuli cha hema badala ya kukaushwa na jua, niliwauza kama chakula cha kuku.

Lori la saruji lilifika kabla ya mvua za vuli. Nilisimama katikati ya mahali pangu na fagio langu, na fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanisihi nisogee. Nilimwita mume wangu. Mume wangu akasema jambo hilo lilikuwa limepita kwenye kamati. Nikamwendea shemeji.

"Ulisema siku moja."

"Sherehe ni siku moja," akanijibu. "Jukwaa ni la umma. Nawe ni umma pia, shemeji. Furahi."

Mawe yangu manne waliyaondoa kwenye pembe na kuyatupa ndani ya msingi, kwa sababu kokoto zilikuwa zimepungua. Jirani yangu alisimama pale akitazama hadi saruji ilipoyafunika. 

Nilipewa mahali pengine kwenye mwisho wa ufuo, karibu na mafunjo, pale maji yanapopumua juu ya ardhi na mbuzi hupita kwenda kunywa. Huko niliweka mawe mengine, nikaanika. Omena wangu walikauka na mchanga tumboni na tope mgongoni. Mnunuzi wa Kisumu, ambaye kwa miaka yote alianzia kwangu, alichota wachache, akawasugua viganjani, akasikiliza mchanga ukianguka. "Mama, hawa ni wa kuku," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Giza lililofuata alisema vilevile. La tatu hakufika upande wangu. Alinipungia mkono kwa mbali. Mama mkwe wangu, ambaye bado alikuwa hai na alikuwa akikaa mlangoni akitazama ziwa, aliniuliza kila jioni, "Pamepoa?" Nilimwambia hapajapoa. Nilikuwa nikisema uongo kwa mtu mzima, na mimi ni mtu ninayechapa watoto kwa uongo.

Jukwaa wakati huo lilikuwa halina kazi. Wageni hawakurudi, walikuwa wageni. Mijusi walilipenda. Asubuhi moja baada ya manyunyu nilikuwa nikipita na karai kichwani, nikajikwaa kwenye ngazi yake, omena kiasi cha konzi mbili wakamwagika juu ya saruji. Nilikuwa nimekasirika, sikurudi kuwaokota. Niliporudi kabla ya saa sita, wale wa chini kwangu walikuwa bado wamelowa kama machozi. Wale wa jukwaani walikuwa wamekauka na kupinda mikia. Nikamchukua mmoja, nikamsugua, nikasikiliza. Hapakuanguka kitu.

Fundi, Mungu ambariki, alikuwa amelijenga lile jukwaa na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasitulie chini ya viti vya wakubwa. Lilikuwa mahali bora pa kuanika omena kuliko pote kati yetu na Usenge. Kamati ilikuwa imefanya kazi nzuri. Haikujua tu imeifanya kwa ajili ya nani.

Giza lililofuata sikwenda mafunjoni. Mchana kweupe, watu wote wakitazama, nilipanda jukwaa na fagio la mama mkwe wangu, nikalifagia, nikaweka mawe manne kwenye pembe zake, nikaanika. Mwenyekiti alifika mbio, kofia mkononi.

"Shemeji, shuka. Hilo ni jukwaa la wageni."

"Wageni wako wapi?"

"Watakuja mwakani."

"Basi wakija watanikuta."

Alitaka kulipiga teke jiwe, akakumbuka alikuwa amevaa viatu vya mjini. Siku hiyo hiyo tukaitwa mbele ya wazee wa mashua, waliokaa kwenye kivuli cha mashua iliyopinduliwa ili kuzibwa. Aliyewaongoza alikuwa mzee mshonaji nyavu, ambaye aliongea bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake.

Shemeji alizungumza kwanza, na kwa muda mrefu. Alisema sheria ya ufuo iko wazi: nilikuwa nimepitisha vipindi vitatu vya giza bila kuanika pale, kwa hiyo hata kama pangekuwa pangu, pamekwisha kupoa. Nilihesabu kwa vidole, na ilikuwa kweli. Aliishika sheria yetu vizuri kuliko nilivyodhani karani angeweza.

"Na wageni wako," akauliza mshonaji nyavu, "tangu waondoke wameanika nini hapo?"

Watu wakaguna. Shemeji akasema kwamba wageni hawaaniki. Mzee akasema basi na wao pamewapoa. Mahali si pa yeyote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mahali pasipo pa yeyote palikuwa na wanawake kumi na wawili wenye mawe tayari mikononi.

Jirani yangu akainuka. "Sheria inasema mawe yaondolewe," akasema. "Sijaona yakiondolewa. Nilikuwa pale. Mawe yake manne yalitupwa kwenye msingi, na saruji ikamwagwa juu. Yako chini ya hilo jukwaa hadi sasa. Anayetaka kuweka yake na ayatoe kwanza yale."

Mshonaji nyavu akaiacha sindano. Akamtazama mwenyekiti. "Ni kweli mliyatia?"

"Kokoto zilikuwa zimepungua," akasema shemeji, kwa sauti ndogo kabisa.

Nahodha wa mashua ya saba, ambaye alikuwa amekuja na saa yake ya ukutani ikiwa kwapani kwa sababu ilikuwa imesimama na alitaka kuirudisha, alicheka kwanza, kisha wakacheka wote. Hukumu haikuchukua muda. Jukwaa lilikuwa juu ya mawe yangu, kwa hiyo lilikuwa mahali pangu, palipoinuliwa kidogo. Kamati ingelitumia siku moja kwa mwaka, siku hiyo ingekuwa ya mbalamwezi, na tarehe ingetajwa na mwenye mawe.

"Siku moja tu, shemeji," nikamwambia tulipokuwa tukiondoka. Sikuweza kujizuia. Sikujaribu.

Jioni hiyo mama mkwe wangu aliniuliza, nami nikajibu bila kutazama pembeni.

Tangu hapo, kila mwaka, mwenyekiti wa sherehe za ufuo, mtu mwenye kalenda mbili ukutani, alipanda ngazi zile tatu na kumwuliza mwanamke asiyejua kusoma sherehe ya mwaka huu ni lini. Sikumjibu kabla ya kumaliza kugeuza samaki. Alijifunza kungoja; alianza hata kuwaokota wadudu. Mbio zikawa za kweli, watu wakiwa wamelala na mashua zikiwa tupu, na kwa hiyo hazikuchekesha tena. Alilisugua jukwaa kwa sabuni kabla ya kila sherehe, mara tatu, na bado wageni waliondoka na harufu yetu kwenye suti zao hadi Kisumu. Nafikiri hilo ndilo jambo pekee la ufuo wetu lililopata kufika ofisini kwao.

Kisha, katika miaka ya tisini, likaja gugu maji. Wageni waliolisikia redioni walidhani ni jani. Lilikuwa shamba. Mwaka mmoja upepo ulilisukuma hadi kwetu na kuliacha hapo, likafunga ufuo kutoka rasi hadi mafunjo. Mashua zilikaa zimefungwa kwenye majani mabichi kama ng'ombe waliopewa malisho wasiyoyataka. Giza likapita bila samaki. La pili likaingia, likafika katikati. Jukwaa lilikuwa tupu, nami nikalifagia kila asubuhi, nikifagia vumbi. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuzikwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza. Nilijiuliza mwenyewe.

Asubuhi moja nilimwona shemeji akija. Alikuwa amezeeka, na alishika fimbo kwa sababu aliihitaji. Mkono wa pili ulibeba kitu kizito ndani ya mfuko. Nilidhani ni mawe. Nilikaza mkono kwenye fagio, nikasimama juu ya ngazi, na ninakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kumpiga.

Alipanda ngazi moja, akapumzika, akapanda ya pili. Akakifungua kile alichobeba. Walikuwa omena wa kujaza gorogoro moja, lile kopo la kupimia mahindi. Aliwamimina katikati ya jukwaa langu kubwa, wakaonekana wachache kama watu waliofika mapema mno kanisani.

"Nimewatoa Usenge, maji yako wazi kule," akasema. "Wamekwisha kukauka. Lakini wewe waanike, kabla giza hili halijaisha."

"Kwa nini?"

"Akija mwingine na mawe yake, itanibidi nianze upya kugombana naye. Wewe nimekwisha kukuzoea." Akakaa kwenye ukingo, akafuta jasho. "Na sherehe mwaka huu ni lini?"

Ziwa lilikuwa kijani hadi macho yanapoishia. Hapakuwa na mashua ambayo ingetoka. Nilichota omena wake konzi moja, nikawasugua viganjani, nikasikiliza.

"Hawa wana mchanga," nikamwambia.

"Najua."

Nikawatandaza vizuri, kila mmoja na nafasi yake, hadi pembe zote nne. Kisha nikainama, nikaanza kuwageuza, naye akangoja nimalize ndipo nimtajie tarehe.